Mmetuhimiza tupikie umeme, sasa semeni nasi kuhusu nyaya

BARUA YA WAZI

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Mkurugenzi Mtendaji, Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO)

Ndugu Wakurugenzi,

Kwa heshima na taadhima nawaandikia hadharani, kwa sababu jambo lenyewe si la mteja mmoja na halimalizwi kwenye dirisha la huduma kwa wateja. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo 2034. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, yaani megawati 2,115 kwa ujumla, limedhoofisha sana ile hoja ya zamani kwamba umeme wa kupikia hatuna. Naunga mkono yote haya kwa moyo mmoja. Mkaa umekula misitu yetu na moshi wake umekula vifua vya mama zetu, na kila jiko la mkaa linalozimwa ni faida. Ila kati ya mita ya LUKU na sufuria kuna kipande ambacho taasisi zenu tatu hazikizungumzi na mwananchi inavyostahili, nacho ni nyaya zilizofukiwa ndani ya ukuta wa jiko lake.

Ninalosema ni hili. Katika nchi hii, anayeamua nyaya gani zipite wapi jikoni ni mwenye nyumba. Ndiye anayenunua waya, soketi na breka, ndiye anayemwambia fundi "weka hapa", na mara nyingi ndiye anayepanda kwenye stuli na bisibisi mkononi. Lakini kanuni, leseni na matangazo yenu yanazungumza na mkandarasi. Mwenye nyumba anatajwa tu pale anapoonywa asitumie vishoka, yaani mafundi wasio na leseni. Mradi jiko lilikuwa na taa moja na soketi ya pasi, pengo hilo lilivumilika. Sasa mnamwomba aingize wati elfu mbili, tatu au nne mahali pale pale, na pengo limekuwa la hatari.

1. Nyumba zetu zilifungwa umeme wa taa

Chukueni nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu iliyofungwa umeme miaka ya 1990. Jikoni kuna taa na soketi moja, zikizidi mbili, zilizochukuliwa kwenye laini ya sebuleni. Waya ni wa milimita za mraba 2.5 kama aliyefunga alikuwa makini. Pengine ni wa 1.5, ambao ni waya wa taa. Simlaumu aliyeifunga. Aliletewa nyumba ya redio, friji na pasi, akaifungia redio, friji na pasi. Leo soketi ile ile inabebeshwa jiko la sahani mbili lenye wati 2,000, ambalo kwa volti 230 linavuta karibu ampea 9, pamoja na birika la wati 1,800, karibu ampea 8. Hapo tumefika ampea 17 kabla friji haijahesabiwa. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, maana yake mwisho wake ni kama wati 3,000. Ekstensheni ya bei nafuu, yenye waya wa 0.75, inastahili kubeba ampea 6 hivi. Vifaa vyote viwili vikichomekwa kwenye ekstensheni hiyo, waya unabeba karibu mara tatu ya uwezo wake, na kwa kawaida unabeba ukiwa umekunjwa nyuma ya kabati, mahali pasipopita hewa.

Joto la waya lina hesabu yake, na hesabu hiyo ndiyo watu hawajaambiwa. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne. Tena pabaya zaidi si katikati ya waya, ni kwenye kiungo. Skrubu iliyolegea ikaleta ukinzani wa nusu omu tu, ikipitisha ampea 10, inazalisha wati 50 za joto mahali padogo kuliko ukucha. Hilo ni joto la chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi. Breka haiwezi kuliona, kwa kuwa mkondo haujazidi. Breka imewekwa kulinda waya usibebe kupita kiasi, haijui skrubu imekaza au imelegea.

Ukifungua soketi ya jiko la namna hii utakuta nyaya tatu zimebanwa chini ya skrubu moja, nyingine imeshikwa kwa nyuzi mbili za shaba na zilizobaki zimejitokeza pembeni. Ganda la waya wa moto limekuwa gumu, na plastiki ya soketi upande wa nyuma imegeuka kahawia. Kabla moshi haujaonekana hutoka harufu inayofanana sana na ya samaki, kwa sababu plastiki za aina nyingi za soketi hutoa harufu hiyo zikipata joto kali. Watu hupekua friji, humwaga ndoo ya taka, husugua sinki. Nimesoma na kusikia matangazo mengi ya nishati safi. Sijakutana na hata moja linalomwambia mama wa nyumba kwamba harufu ya samaki isiyo na samaki ni ishara ya kuzima meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Halafu kuna tiba ya mtaani, ambayo ni mbaya kuliko ugonjwa. Breka ya ampea 16 au 20 inaruka kila jiko linapowashwa. Fundi anaitwa, anaing'oa, anaweka ya 32. Breka hairuki tena, mwenye nyumba anashukuru, analipa. Kilichofanyika ni kwamba waya uleule mwembamba sasa unaruhusiwa kupata moto hadi ganda lake liyeyuke, na mlinzi wake pekee ameambiwa asipige kelele. Mwenye nyumba hakujua kwamba breka iliyokuwa ikiruka ilikuwa inasema kweli. Nani alipaswa kumwambia?

Tena si kila jiko la umeme ni mzigo sawa. Jungu la presha la umeme la wati 1,000 linavuta ampea 4 na kitu, na likishapata presha linazima na kuwaka lenyewe. Linaweza kukaa salama kwenye soketi nzuri ya nyumba ya zamani. Jiko la sahani mbili, oveni, au shawa ya maji moto ya wati 5,500 inayovuta ampea 24 vinahitaji laini yake kutoka kwenye boksi la breka, kwa waya mnene zaidi na breka yake. Tofauti hii ingeweza kuelezwa kwa sentensi tatu kwenye kila tangazo. Badala yake vyote vinaitwa "majiko ya umeme", na mnunuzi anachagua kwa bei na rangi.

2. Mhandisi wa jiko ni mwenye nyumba

Jiko la kisasa halijengwi kwa mchoro wa mhandisi. Linajengwa kadiri fedha inavyopatikana. Anaanza fundi bomba, anafuata fundi vigae, kisha fundi makabati na jiwe la juu. Fundi umeme anaitwa mwisho, pale mwenye nyumba anapogundua kwamba jiko jipya halina pa kuchomeka oveni. Kufikia hapo ukuta umeshavikwa vigae, hakuna anayetaka kuchimba mfereji, na paipu ya kupitishia nyaya haina njia. Basi waya unapitishwa wazi nyuma ya kabati, unaungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa solotepu, na soketi inakaa palipobaki nafasi, iwe juu ya sinki au nyuma ya sahani za jiko ambako mvuke unapanda mchana na jioni.

Hakuna aliyedanganya katika mlolongo huo. Kila fundi alifanya alichoagizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kujumlisha mzigo wa jiko zima kabla ya kigae cha kwanza kupigwa, na kwa hali ilivyo mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila mwenye nyumba. Mkandarasi mwenye leseni haji kwa kazi ya soketi mbili. Akija, bei yake ni ya kazi ya nyumba nzima. Nje ya miji mikubwa kumpata ni safari. Kwa hiyo kusema "tumieni wakandarasi waliosajiliwa" ni kusema kweli isiyomfikia anayeambiwa.

Kuna mtego mwingine ambao unamnasa hasa yule anayejifanyia mwenyewe, nao ni rangi. Nyumba za zamani zina waya mwekundu wa moto, mweusi wa nyutro na wa kijani wa ethi. Nyaya za mfumo mpya ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Nyumba iliyoongezwa jiko ina mifumo yote miwili ndani ya boksi moja. Ubaya ni kwamba weusi, ambao kwenye mfumo wa zamani ni nyutro, kwenye mfumo mpya wa fezi tatu ni mojawapo ya nyaya za moto. Mtu aliyefundishwa na mjomba wake kwamba "mweusi hauna neno" anaweza kufa kwa kuamini somo lililokuwa sahihi siku lilipotolewa. Bango moja kwenye kila duka la vifaa vya umeme lingetosha kulieleza hili.

3. Ukaguzi ni wa siku moja, nyumba ni ya miaka arobaini

Ili nyumba iunganishwe umeme, nyaya zinapaswa kufungwa na mtu mwenye leseni ya EWURA na mchoro kupigwa muhuri. Utaratibu ni mzuri. Malalamiko kwamba muhuri hupatikana bila mwenye muhuri kufika kwenye nyumba ni ya siku nyingi na mnayajua, sitayarudia. Hata tukichukulia kwamba kila muhuri ni wa kweli, unathibitisha hali ya nyumba siku ile. Miaka kumi baadaye jiko limehamia kwenye kibaraza kilichozibwa, uani kuna vyumba viwili vya wapangaji vinavyopata umeme kwa waya uliopita juu ya bati, na muhuri bado ni uleule.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili kwa njia tofauti. Afrika Kusini, nyumba inapouzwa, muuzaji anatakiwa awe na cheti cha usalama wa umeme kisichozidi miaka miwili. New Zealand imekwenda upande ambao hapa kwetu ungewashangaza wengi: mwenye nyumba anaruhusiwa kisheria kufunga nyaya za nyumba anayoishi, kwa masharti, mradi kazi yake ikaguliwe na kupimwa na mkaguzi mwenye leseni kabla haijawashwa. Nchi hizo hazikubaliani kuhusu nani ashike bisibisi. Zinakubaliana kwamba kazi ikaguliwe upya hali inapobadilika, na hilo ndilo tunalolikosa.

4. Waya unaouzwa kwa mita

Hapa nasema na TBS. Mwenye nyumba akifika Kariakoo au duka la vifaa vya ujenzi mkoani, anauliza waya wa 2.5, anakatiwa mita zake kutoka kwenye roli, anazikunja, anaondoka. Boksi lenye alama ya ubora limebaki dukani, kama lilikuwapo. Waya alioubeba unaweza kuwa wa shaba tupu na unene kamili. Unaweza pia kuwa wa shaba lakini mwembamba kuliko unavyoitwa, au wa aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu. Aluminiamu hupitisha umeme kwa takribani asilimia 60 ya uwezo wa shaba kwa unene uleule, hukatika kirahisi ikikunjwa, na hulegea kwenye skrubu inapopata joto na kupoa kila siku, jambo ambalo ndilo kazi ya soketi ya jikoni. Macho hayatofautishi. Kisu hutofautisha: ukikwangua uzi na ndani ukaonekana mweupe, si shaba tupu. Lakini mnunuzi anakwangua akiwa nyumbani, baada ya fedha kutoka.

Najua mnakagua maduka na kuteketeza bidhaa hafifu, na kazi hiyo iendelee. Hata hivyo ukaguzi wa ghafla hukamata mzigo wa siku hiyo. Kinachomlinda mnunuzi kila siku ni maandishi kwenye ganda la waya wenyewe: unene, aina ya metali, jina la mtengenezaji na alama ya ubora, yakirudiwa kila baada ya kipande kifupi kiasi kwamba hata anayekatiwa mita tatu aondoke nayo. Waya mzuri tayari una maandishi hayo. Usio nayo usiruhusiwe kukatwa dukani.

5. Ethi na swichi ya kuokoa mtu

Jiko ndicho chumba chenye maji, chuma na mikono iliyolowa kwa pamoja, kwa hiyo ndicho kinachohitaji kinga ya mtu dhidi ya umeme kuliko chumba kingine chochote. Breka ya ampea 20 haimlindi mtu. Mkondo wa miliampea 30 kupita kifuani unatosha kumweka mtu hatarini, nao ni mdogo mara mia sita na zaidi kuliko ule unaoifanya breka hiyo ianze kuona kuna tatizo. Swichi ambayo mafundi huiita RCD hupima umeme unaotoka na unaorudi. Vikitofautiana kwa miliampea 30 hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Gharama yake ni ndogo mno ukiiweka kando ya makabati na jiwe la juu. Wenye nyumba hawaikatai kwa ubahili; wengi hawajawahi kuambiwa kwamba ipo.

Ethi nayo imepotea kimyakimya. Nyumba kadhaa za zamani ziliunganisha ethi kwenye bomba la chuma la maji, na bomba hilo lilifika ardhini. Ukarabati wa jiko na bafu umeng'oa mabomba ya chuma na kuweka ya plastiki. Fundi bomba hakujua kwamba anakata ethi ya nyumba, na fundi umeme hakuwepo. Waya wa kijani bado upo kwenye soketi, unaonekana, ila hauendi popote. Vifaa vyenye plagi ya pini mbili vinaongeza tatizo, na kule kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili soketi ifunguke kumekuwa desturi hata mbele ya watoto, ambao wanaona na kuiga.

Hoja za kupinga, na majibu yake

Nitaambiwa kwamba kumpa mwenye nyumba maelezo ni kumkaribisha acheze na umeme. Ningekubali kama angekuwa anasubiri ruhusa. Hasubiri, anafanya tayari, kwa kukisia. Maelezo mazuri huweka mpaka ambao leo haupo. Upande mmoja ni yale anayoweza kufanya meni swichi ikiwa imezimwa na tester imethibitisha hakuna umeme: kukagua soketi iliyobadilika rangi, kuhesabu mzigo, kubadilisha plagi. Upande wa pili ni yale asiyoyagusa kamwe: boksi la breka, waya unaotoka kwenye mita, laini mpya ya jiko. Boksi la dawa huwa na karatasi ya maelekezo ndani, na hakuna aliyewahi kudai kwamba karatasi hiyo inawageuza wagonjwa kuwa madaktari.

Nitaambiwa pia kwamba hakuna watumishi wa kukagua kila jiko nchini. Ni kweli, na siombi kila jiko. Naomba majiko yaliyobadilika, na TANESCO ina njia ya kuyatambua bila kutuma mtu. Mteja wa daraja la D1 ni yule asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha kwa wastani, anahamishiwa daraja la T1. Sahani mbili za wati 1,000 kila moja, zikiwaka saa mbili kwa siku, ni uniti 4 kwa siku na 120 kwa mwezi. Kaya iliyohama kutoka mkaa kwenda jiko la namna hiyo itaonekana kwenye manunuzi ya LUKU ndani ya miezi michache. (Kama ni haki kaya hiyo kukutana na bei ya juu kwa kuitikia wito wa Serikali, ni suala zito linalostahili barua yake.) Takwimu mnazo. Mnazitumia kupanga bei. Zitumieni kupanga usalama pia.

Hoja ya tatu ni gharama: kwamba masharti zaidi yatamwelemea maskini. Hii naiheshimu kuliko zote, ndiyo maana sipendekezi faini wala kukatiwa umeme. Ila tusisahau nani anabeba gharama sasa. Katika nyumba za kupanga, vyumba sita vinashirikiana LUKU moja na laini moja, kila mpangaji ana jiko lake, na hakuna hata mmoja mwenye haki ya kufungua boksi la breka. Nyumba hiyo ikiungua, mwenye nyumba anapoteza jengo. Wapangaji wanapoteza kila walicho nacho, nao hawakuchagua waya hata wa mita moja. Taarifa itasema chanzo ni "hitilafu ya umeme", na uchunguzi utaishia hapo.

Ninachoomba

Kwa EWURA: toeni kijitabu cha Kiswahili chepesi, chenye picha, kwa ajili ya mwenye nyumba anayekarabati jiko, kikianza na jedwali la vifaa, wati, ampea, unene wa waya na ukubwa wa breka. Kisambazwe kwenye maduka ya vifaa vya umeme na ofisi za serikali za mitaa. Anzisheni hati ya kazi ndogo kwa bei elekezi, ili mwenye leseni apate sababu ya kuja kwa soketi mbili na laini moja. Orodha ya wenye leseni kwa kila wilaya ipatikane kwa simu ya kawaida isiyo na intaneti. Na RCD kwenye laini za jiko iwe sharti linalokaguliwa kwa macho na kupimwa, kwa nyumba mpya na kwa kila jiko linalokaguliwa upya.

Kwa TANESCO: tumeni ujumbe mfupi kwa kila mteja ambaye matumizi yake yanapanda ghafla, kupitia njia ileile inayoleta tokeni, mkimweleza dalili tano za hatari jikoni na namba ya kuomba ukaguzi. Ukaguzi wa kwanza wa jiko lililohamia umeme uwe bure, ufanywe na wakandarasi wenye leseni kwa malipo yenu; ni sehemu ya mkakati kama lilivyo jiko lenyewe. Na kila jiko la umeme linalouzwa kwa mkopo au kwa ruzuku likabidhiwe baada ya soketi litakapochomekwa kuangaliwa.

Kwa TBS: pigeni marufuku kukatwa kwa waya usio na maandishi kwenye ganda, wekeni kwenye kila duka kipimo cha unene ambacho mnunuzi anaweza kukitumia kabla ya kulipa, na bango la rangi za zamani na mpya. Ekstensheni isiyoandikwa uwezo wake kwa ampea na wati, kwa Kiswahili, isiingie sokoni.

Kwenu nyote watatu kwa pamoja: kaeni na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), ambayo tayari ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, muwaingize mafundi umeme wa mtaani kwa maelfu. Wengi wao wana mikono mizuri na hawana karatasi. Kuwaita vishoka wote kwa jumla kumewafanya wajifiche, na fundi anayejificha hawezi kufundishwa wala kuwajibishwa. Kaeni pia na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, taarifa za moto wa majumbani zianze kutaja kilichoungua kwanza: kiungo, ekstensheni, kifaa chenyewe au waya uliobebeshwa kupita kiasi. Bila hilo hamtajua kama hatua zenu zimefanya kazi.

Naomba majibu yenu yatolewe kwa umma, kila taasisi kwa sehemu yake, kabla ya Bunge la Bajeti lijalo, ili yanayohitaji fedha yapate kifungu na yasiyohitaji fedha yaanze mara moja. Ujumbe mfupi wa TANESCO na bango la rangi la TBS havihitaji kusubiri bajeti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye nyumba na mteja wa LUKU,
Dar es Salaam